Gitaa la Walikale na Nukta Nyekundu za Papa Isidore

Tarehe 28 Juni 2013, Papa Isidore Nzabandora anafunga sanduku lake la vifaa kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya hapa Sake. Aliingia mwaka 1982 kama fundi wa redio, na kiti alichopewa siku hiyo ndicho anachokiacha leo. Tumemwomba mara nyingi akibadilishe. Hataki kusikia.

Ametengeneza redio za zahanati, spika za makanisa, megafoni za shule, na karibu kila gitaa lililowahi kupita kati ya Walikale na Goma. Tabia zake tunazijua: akishika chuma cha kulehemu hasalimii mtu, hata padri, na chai yake hupoa kila siku kwenye dirisha lile lile. Vita vilipotukimbiza, wengine walibeba magodoro. Yeye alibeba madaftari yake ya kazi, kayafukia ndani ya gunia la maharage. Sufuria zote zilibaki nyumbani, na mkewe, Mama Euphrasie, mpaka leo hajamsamehe sawasawa.

Lakini tukiulizwa kwa nini tunamheshimu, wote tunataja gitaa moja.

Mwaka 2008, vita vikiwa vimepamba moto Masisi, alifika hapa Mama Kahambu, mjane aliyekimbia kutoka Walikale. Mgongoni alikuwa amefunga gitaa la umeme kwa kitenge, kama anavyofungwa mtoto. Lilikuwa la marehemu mumewe, Jules, aliyeuawa njiani mwaka uliotangulia, na mwili wake haukuonekana. Mama alitaka tu litoe sauti tena.

Siku hiyo alikuwepo pia Benoît, kiongozi wa kwaya ya Muheto, amekuja kuchukua spika. Alipoliona akashika kichwa. Kwa macho yake, hilo lilikuwa gitaa la kwaya lililopotea watu walipokimbia vita mwaka 1996. Wote wawili waliapa, na wote wawili ni watu wa kweli.

Shida ni kwamba gitaa lenyewe lilikuwa limegeuzwa. Limepakwa rangi nyeusi ya milango, jina la kiwanda limekwanguliwa, na mikro zinazonasa sauti ya nyuzi hazikuwa zile lililozaliwa nazo. Kilichobaki ni kutafuta umri wake. Jules alilinunua Kisangani mwaka 1969, tayari limeshatumika. La kwaya lilikuja jipya mwaka 1975. Wakakubaliana Papa Isidore aamue.

Alilifungua mbele yetu. Ndani, kwenye kile kifaa kidogo cha kupandisha na kushusha sauti, palikuwa na muhuri: 1974. Basi Jules hangeweza kulinunua mwaka 1969. Papa akatamka kwamba ni la kwaya, na mimi ninayeandika mistari hii nikaandika hivyo kwenye kitabu cha karakana, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mama Kahambu hakubishana. Alisema tu, "Papa, bwana yangu sikumuzika. Hii njo ilibakia," yaani hilo ndilo pekee lililobaki. Akakunja kitenge chake kitupu, akatoka. Roho zilituuma, lakini tulijiambia kwamba namba ni namba.

Siku tisa baadaye, Papa Isidore alikuwa akitengeneza redio ya zahanati. Akaingiza mkono kwenye mkebe wa vipuri vya zamani, akatoa kifaa cha sauti chenye muhuri wa 1974. Akatoa cha pili: 1974. Vyote tulivitoa kwenye zile redio kubwa za mbao tulizozichinja kabla ya vita. Vipya havipatikani huku, kwa hiyo fundi yeyote wa Masisi akipata gitaa linalokwaruza huliwekea kipuri cha redio. Papa akavuta madaftari yake. Katika daftari la 1991 alikuta maneno haya kwa mkono wake mwenyewe: "Gitaa ya Walikale, imekuja na kamyo ya mizigo. Sauti inakwaruza. Nimeweka kifaa cha redio."

Alikuwa amepima umri wa redio, na aliyekiweka kipuri hicho ni yeye.

Barabara ilikuwa imefungwa wiki hiyo, pikipiki hakuna. Alitia bisibisi mfukoni akaenda kwa miguu mpaka Muheto, Benoît alikolipeleka gitaa. Mbele ya kwaya nzima alilifungua gitaa shingo. Pale rangi ya milango haikufika, mbao ilikuwa nyekundu, na muhuri wa kiwanda ulisema 1967. Kifuani, chini ya bati, palikuwa na matundu ya mikro nne, mawili yamezibwa kwa mbao. La kwaya lilikuja na mikro mbili tu. Akalitaja bila wasiwasi: gitaa la Kijapani, modeli ya mikro nne, la mwaka 1967.

Benoît mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Alimuuliza, "Papa Isidore, ungenyamaza, nani angejua?" Naye akajibu, "Mukono yangu njo ilikosea. Acha irudishe." Wakashuka pamoja mpaka Sake, Benoît akilibeba gitaa, na Mama Kahambu akalipokea kwa kitenge kile kile. Nililia, sioni haya kusema.

Mama aliomba maandishi. Papa akamwandikia karatasi: modeli, mwaka, kila kilichobadilishwa, na kosa lake mwenyewe bila kulipunguza. Mstari wa mwisho ulisema, "Mwenyewe: Jules, mupiga gitaa wa Walikale." Tangu siku hiyo, kila kipuri anachokibadilisha hukitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha, aliyomwibia Mama Euphrasie, pamoja na tarehe, ili atakayefungua baadaye asidanganyike. Karakana nzima sasa inafanya hivyo.

Mama Kahambu amesharudi Walikale. Tulipompigia simu kuhusu sherehe ya leo, alituma ujumbe huu: "Mumuambie Papa Isidore, batoto bakiuliza kaburi ya baba yao, nabaonyeshaka ile karatasi."

Papa Isidore, asante. Tunakutakia maisha mema, afya, na chai ya moto kuanzia kesho. Kiti chako tumekiacha mahali pake. Chini yake tumetia nukta nyekundu na tarehe ya leo, ili atakayekikalia ajue kwamba fundi wa awali hakuwa yeye.

Adelaïde Uwimbabazi, karani wa karakana