Mwalimu Sylvester Ngassa, Aliyefukuza Wazazi Barazani

“Mtoto hana shida. Shida ni wewe mama, uliyemfanyia hesabu za nyumbani tangu darasa la tatu.”

Hayo marehemu alimwambia mama mmoja mwezi wa nane mwaka jana, barazani kwake Isevya. Mama alikuwa ameshuka kwenye gari wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la saba. Akasema, “Mwalimu, nitakulipa mara mbili.” Marehemu akamjibu, “Wiki tatu mara mbili ni sita. Hizo nyingine tatu unazo kwenye gari?” Mama huyo tunaye hapa chini ya turubai. Hatutamtaja, anajijua.

Sylvester alizaliwa Usoke, tarehe 14 Machi 1970, mtoto wa tatu wa Mzee Ngassa na Mama Martha, wakulima wa tumbaku. Alipokuwa na miaka tisa alimwambia karani wa mizani mbele ya watu kwamba amejumlisha vibaya. Baba akamzaba kofi kwa kukosa adabu. Karani akarudia, akakuta mtoto amesema kweli. Kofi halikurudishwa.

Alimaliza shule ya msingi Usoke mwaka 1984, akaenda sekondari Tabora. Mdogo wake Magreth, anayewasomea haya, alifaulu mwaka 1986, lakini ada nyumbani ilikuwa ya mtoto mmoja. Sylvester akamwambia, “Usilie Magi, kila ninachosoma nitakuletea likizo.” Desemba hiyo akachukua mkaa, akaandika kwenye mlango wa bani la kukaushia tumbaku: mbuzi na kuku, vichwa kumi na viwili, miguu thelathini na minane, mbuzi wangapi? Akaitwa mpirani. Hakurudi kwenye ule mlango, wala likizo iliyofuata, wala nyingine yoyote.

Alipata cheti cha ualimu mwaka 1992, akafundisha Bukene, kisha Tabora mjini. Mwaka 2005 aliacha ajira akafungua darasa lake barazani. Kila mtoto alikuja na konzi ya karanga za kuhesabia. Aliyekosa, karanga zake zililiwa na aliyepata, na marehemu alisaidia kula. Wale wenye mabango ya “Faulu kwa Siku Kumi” aliwaita wauza dawa za minyoo. Mzazi aliyeuliza, “Mwanangu atapata A?” aliambiwa akaulize kwa mganga.

Tarehe 30 Novemba 1996 alifunga ndoa na Julieth Sixbert. Siku ya mahari, wazee wa upande wa mke walikosea kujumlisha ng’ombe wakajipunja wawili. Wote tulinyamaza. Bwana harusi akasimama akawasahihisha, akaongeza wawili. Baba hakumsemesha wiki nzima. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tunu na Silasi.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, mwaka jana kikashika figo. Wanafunzi wake wa zamani wamo wahandisi, wamo madaktari, yumo na meneja. Walifungua kundi kwenye simu, wakatuma picha za mikono iliyoshikana. Mmoja aliandika “Pole sana Mwalimu wetu kipenzi” na jina akalikosea. Aliyefika kitandani kila siku na uji ni Shamila, muuza nyanya, ambaye kwenye mtihani hakufaulu. Wenye tai wametangulia viti vya mbele leo. Shamila yuko nyuma, jikoni, anawapikia.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake Magreth, aliyekaa uani kwake miaka ishirini akimnunia kwa ajili ya ule mlango wa bani.

Asubuhi ya tarehe 5 Februari 2026, hospitalini, alimwomba Magreth kalamu. Kalamu ikamponyoka. Akasema kwa sauti ndogo, “Vichwa kumi na viwili, miguu thelathini na minane.”

“Mbuzi saba, kuku watano,” Magreth akamjibu.

“Umebahatisha. Njia iko wapi?”

“Wote wape miguu miwili miwili, ishirini na minne. Imebaki kumi na minne, hiyo ni ya mbuzi, kila mmoja miwili. Saba. Kaka, mbona unaniuliza vitu vya kitoto?”

“Nani kakufundisha?”

“Si wewe! Miaka ishirini unafoka barazani, na dirisha la jiko liko wazi. Ulidhani nasikiliza sufuria?”

Akacheka mpaka muuguzi akaja. Kisha akasema, “Kwa hiyo hunidai, Magi.”

“Sikudai.”

Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi. Mungu ampokee na mdomo wake huo huo, na asimpe jirani mwenye haraka.