Mtunzi wa Wimbo wa Kijiko

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni mimi, Pyo Gyeong-im, hapa redioni Gangjin. Leo msinitegemee kuwachangamsha. Jumanne tumemzika Tak Sun-deok, mwanamke aliyetunga wimbo "Kijiko Kimoja cha Mchele". Narudia, asije mtu akasema hakusikia. Wimbo ule una mtunzi. Anaitwa Tak Sun-deok. Ni mama yangu mzazi.

Najua mmeshtuka. Miaka thelathini nimekuwa nikiwapigia wimbo huu, na kila mara natangaza, "Mtunzi hajulikani." Nilikuwa nawadanganya.

Mama alikuwa mpiga ramli kisiwani Wando. Watu walijaa kibarazani kwetu. Alitikisa njuga, akarusha punje za mchele mezani, akasoma nani atapona na nani ataolewa lini. Waliomlilia asubuhi, jioni wakikutana naye sokoni waligeuza uso. Sisi watoto tuliitwa "vifaranga vya mganga", na hakuna aliyetaka kucheza nasi.

Baba alipofariki, mama alizitosa njuga baharini, akatuleta Gangjin, akaingia kanisani. Hapa hakuna aliyemjua. Alipewa kazi ya jikoni, kupika supu ya figili ya Jumapili. Na kama kina mama wote wa kanisa, kila alipopika kwake alichota kwanza kijiko kimoja cha mchele, akakitia kwenye mfuko wa kitambaa wenye jina lake. Jumapili aliupeleka madhabahuni. Mkono ulikuwa uleule, na mchele uleule. Siku moja akiwa anapima, akaanza kuimba:

"Punje ulizonipa nilizirusha nikiitafuta kesho.
Leo napima kijiko, Bwana, kesho naiacha kwako."

Mama hakujua kuandika. Niliandika mimi. Nikaifundisha kwaya, bila kusema wimbo umetoka wapi.

Mwaka 1983 akaja mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Gwangju, anakusanya nyimbo za kitabu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimechumbiwa na mtoto wa Mzee Ban, mzee wa kanisa letu. Tulikuwa mezani baada ya ibada. Mzee Ban alikuwa mbele yangu. Mama alikuwa nyuma yangu, kashika sinia la supu.

"Binti, mtunzi ni nani?" mwalimu akauliza. "Tutachapisha na ushuhuda wake, alikotoka mpaka alipookoka."

Alikotoka! Nikamtazama Mzee Ban. Nikasema, "Hajulikani, mwalimu. Ni wimbo wa zamani tu."

Mwalimu akamgeukia mama. "Na wewe mama, nasikia jikoni huachi kuuimba. Nani alikufundisha?"

Mama akanitazama. Akaweka bakuli mezani taratibu.

"Mimi? Mimi najua figili tu, mwalimu. Kula, supu inapoa."

Wasikilizaji wapendwa, nilimkana mama yangu akiwa amesimama nyuma yangu, na yeye akanisaidia kumkana. Nikaolewa. Harusini alicheka kuliko wote. Hakuwahi kunilaumu, hata kwa utani, na hilo ndilo linalonila.

Juzi msibani, mdogo wangu Jae-gu, aliyeishi naye, akaniambia, "Dada, kila asubuhi alikuwa anakusikiliza. Ukisema 'hajulikani', ananyoosha mkono kama mtoto wa shule. 'Nipo!' Halafu anacheka peke yake. 'Huyo Hajulikani katunga vizuri, eti?' Nikamwambia, mama, mpigie simu aseme ukweli. Akasema, 'Mwache bwana, ana wakwe.'"

Wakwe zangu walikufa miaka kumi na minne iliyopita, wote wawili. Kwa hiyo miaka yote hiyo kumi na minne sina wa kumsingizia. Niliogopa ninyi mtaniona mwongo. Nimemwonea mama aibu maisha yangu yote, kumbe wa kuonewa aibu nilikuwa mimi.

Pole, Jae-gu, uliyemfungulia redio. Poleni wajukuu, mlioimba wimbo wa bibi yenu bila kujua ni wake. Poleni kina mama wa jikoni, mliomjua kwa figili. Na wewe unayenisikia sasa hivi, labda unaosha vyombo, kama yupo mtu uliyemficha nyuma ya sinia, mtaje angali anaweza kuitika. Usingoje kumtaja redioni kama mimi.

Sasa wimbo wetu. "Kijiko Kimoja cha Mchele." Mtunzi: Tak Sun-deok, mpiga ramli wa Wando, mpishi wa kanisa, mama yangu.

Nitanyamaza kidogo kabla haujaanza. Hapo ndipo alipokuwa akisema, "Nipo."