Divani Inje, Samaki Ndani

Wiki hizi kijiwe cha mtaa wa Bigo, mjini Bunia, kilikuwa kimepanda cheo. Miaka yote watu walikaa pembeni ya meza ya Fanny, muuza kahawa, juu ya ubao mmoja uliolazwa kwenye matofali, na mtu wa upande huu akiinuka bila kutoa taarifa, wa upande ule anaanguka. Sasa walikuwa wakikalia divani. Divani ya velveti nyekundu, miguu ya kuchongwa, vitambaa vya kufuma mgongoni, imewekwa kando ya barabara kama waziri aliyeharibikiwa na gari, inakula vumbi la pikipiki. Ilikuwa mali ya Domitille, ambaye mtaa mzima humwita Mama Plamedie, na Mama Plamedie hakujua. Alikuwa Butembo kwa binti yake aliyejifungua. Aliyeitoa divani sebuleni ni mume wake, Kambale, kwa sababu mahali pake alikuwa amejenga bwawa la samaki wa Japani. Na Mama Plamedie alikuwa anarudi leo.

Kambale hakukaa na wenzake. Alisimama mlangoni pake, nyuma tu ya divani, jicho moja ndani, sikio moja nje. Ndani, samaki wake wekundu na weupe walikuwa wamepanda wote juu ya maji, midomo wazi, kama wanakwaya waliosahau maneno. Walianza hivyo juzi. Na asubuhi simu ililia: gari ya Butembo imeshapita Komanda.

— Laveur, kuya ukae, akasema Fabrice. Kusimama haiponyeshe samaki.

Laveur, yaani Mwoshaji, ndilo jina Kambale alilotoka nalo machimboni upande wa Mambasa, alikoosha mchanga wa dhahabu nusu ya maisha yake. Fabrice mwenyewe wanamwita Directeur. Hajawahi kuongoza kitu, ila hukaa katikati.

— Wako wanafungua vinywa, Directeur. Mama Plamedie atawakuta vile.

— Ni altitude. Samaki ya Japani imezoea chini, kwa bahari. Hapa Bunia tuko juu. Hata miye nikitoka Kisangani, siku za kwanza ninapumua mubaya.

— Ulifikaka Kisangani lini? akauliza Fanny, akimmiminia.

— Nilikuwa karibu ya kufika.

— Haiko altitude, akasema Étienne, wanayemwita Radio kwa sababu hazimwi. Ni luga. Samaki walizaliwa kwa watu wa Kijaponi. Laveur anaingia asubui, "Jambo, jambo!" Samaki inawaza ni matusi.

— Nilipata kwa binamu yangu wa Kampala, akasema Kambale. Walikuja mu sachet ya maji.

— Njo mubaya zaidi! Kiganda kwa kutoka, Kiswahili kwa kufika, Lingala mu muziki ya jirani. Na kichwa ya samaki iko kadogo.

Radio aliinuka na beignet mkononi, andazi la sinia ya Fanny, akasema anaenda kuwaangalia kidogo. Akaingia. Akarudi akipangusa mikono, akachukua beignet nyingine.

— Kweli wako na huzuni, akasema.

Kambale hakuamini habari ya altitude wala ya luga. Yeye aliyemtia wasiwasi ni mtu mmoja tu: fundi wa kichujio, yaani yeye mwenyewe. Kichujio kile alikitengeneza kwa namna moja anayoijua duniani, namna ya kuosha dhahabu. Pompe ndogo inapandisha maji kutoka bwawani, maji yanashuka kwenye ubao wa mteremko, yanapita changarawe, yanapita makaa, yanapita kipande cha kapeti, yanarudi kwa samaki. Machimboni kapeti hukamata dhahabu na matope yanaenda zake. Hapa kapeti ikamate uchafu, maji yaende. Alipoliwaza jambo hilo mara ya kwanza, alicheka peke yake kitandani.

Tena, machimboni kapeti hailali chafu. Ikilala chafu, kuna mwenzako atakayeiosha wewe ukiwa umelala, na asubuhi utakuta imetakata na yeye amenunua radio. Kwa hiyo kila jioni Kambale alitoa kapeti yake, akaisugua mpaka ikarudi rangi ya dukani, na kijiwe kizima kilikuja kusimama kuizunguka. Kwa mazoea tu, walisema.

— Ni savon njo haitoshi, akasema Fulgence.

Watu walimgeukia. Fulgence ndiye wanayemwita Maître, kama wakili. Alisoma sheria mpaka mwaka wa pili, mahali ambapo sheria na yeye waliachana kwa amani, lakini hajaacha kukunja miguu kama mtu anayesubiriwa na mahakama. Tena ndiye mwenye simu kubwa, na ni katika simu hiyo walitazama video ya mzee mmoja wa Japani anayefundisha bwawa.

— Tuliona wote, akaendelea. Muzee anakamata éponge ya filtre, ile yenye kuchuja maji. Anakamata savon. Anatuonyesha savon. Halafu anatikisa kidole. Hivi: kushoto, kuume.

— Na ilikuwa kusema nini? akauliza Fanny.

— Mama, kidole ni moja, sivyo? Kuko savon moja. Anatikisa. Ni kusema: moja, hapana! Tia mbili. Kwa sheria, siye tunaiita a contrario.

— Siye nani? akauliza Fanny.

Lakini Kambale alikuwa amekwisha kutii tangu siku ile. Vipande viwili vya sabuni vilikuwa pale kizingitini, vimekonda kwa kazi.

— Ninatia mbili, Maître. Kila jioni.

— Basi tia tatu.

— Muniachilie, akasema Directeur. Miye niko ninaona ingine kitu. Yule mwekundu mukubwa, anakuwaka mbele. Wengine wako nyuma yake. Wote juu, vinywa wazi, hakuna mwenye kufanya kazi. Hiyo ni grève, mugomo. Yule njo délégué wao, mwenye kusema kwa jina yao.

— Wanaomba nini? akauliza Radio.

— Salaire, mushahara, nini ingine?

Naye akaenda kuongea na délégué. Alikwenda na beignet nzima. Alirudi bila beignet na bila makubaliano.

— Grève inatoka kwa watu wenye karatasi, akasema Maître. Hawa hawana. Hawakupita kwa douane, kwa watu wa forodha. Mutu bila karatasi anakuwaka na pumuzi fupi, miye nilishaona.

— Changarawe! Radio akapiga kelele mpaka Fanny akamwaga kahawa. Laveur, changarawe ya filtre ulitoa wapi?

— Kwa muto Shari.

— Juu, ao chini?

— Pale mahali wanakata mabingobingo.

— Muko munasikia? Shari inatoka juu, kule milima ina mali, ina dhahabu. Mali inaanguka mu changarawe. Maji inapita mu changarawe, inaangukia samaki. Samaki inakunywa. Kapeti iko munaosha kila jioni, hamupati kitu, na munajiuliza mali iko wapi. Iko mu tumbo! Samaki iko muzito. Inapanda juu ju isizame!

Divani nzima iligeuka kuelekea mlangoni. Hata Fanny, ambaye hana subira na upuuzi kabla ya saa nne, aliweka chini thermos.

— Ile mukubwa, akasema Directeur kwa sauti ya chini, tunaweza kumupasua. Moja tu. Ju ya science.

— Kwa idhini ya mwenyewe, akasema Maître.

— Hakuna mutu anapasua, akasema Kambale.

— Laveur, ni samaki... akasema Directeur.

— Nilisema hakuna.

Alikuwa ameziba mlango kwa mikono miwili. Hawakuwa wamezoea kumwona hivyo. Kambale ni mtu ambaye ukimkanyaga anaomba samahani kwa ajili ya kiatu chako.

— Munajua niliosha maji ngapi mu maisha? akasema. Ninaikuta safi, ninaiacha matope. Muto na muto. Hata ya kunywa ilikuwa rangi ya chai. Nilirudi hapa, ninasema, na miye nipate maji moja, kadogo tu, naona mupaka chini. Nikiwa nimekaa. Na Mama Plamedie amekaa. Inje siwezi kuiweka, inje jioni ya kwanza wangekuwa mu sufuria yenu.

Hakuna aliyebisha kuhusu sufuria.

— Na wakikufa? akauliza Radio, polepole kuliko kawaida yake.

— Wakikufa, bwawa inatoka. Nikibaki na mikono bure hapa, ekipe ya wachimbaji wa Mambasa waliniita tena jana. Na Mama Plamedie alishasema: nikirudi mu shimo, nisirudi kwa mulango yake.

Directeur aliweka kikombe chini. Akajibu kwa upole wa namna yake.

— Basi hatupasue. Tutawangojea wanye.

Walikuwa bado wanacheka pikipiki iliposimama mbele yao. Juu yake alikuwa dereva, gunia la viazi, mfuko wa vitunguu majani vilivyochungulia kama vinataka kujua wamefika wapi, na nyuma ya yote, Mama Plamedie.

Wote walisimama pamoja, kama kanisani. Ilikuwa kosa, maana divani ilibaki wazi kabisa, na kitu cha kwanza alichokiona mwenyewe katika mtaa wake ni velveti yake mwenyewe juani.

— Karibu, Mama Plamedie, akasema Kambale.

— Aksanti, Papa Plamedie.

Alishuka. Akaweka kidole kwenye kitambaa cha kufuma, hasa pale kahawa ya Maître ilipozoea kutua. Akakiangalia kidole. Akampita mume wake, akaingia.

Waliosubiri kelele hawakupata kelele. Walisikia viatu vikivuliwa. Walisikia maji yakishuka kwenye ubao, yakipita changarawe, yakipita makaa.

Mama Plamedie akatoka peku, mkono mmoja umelowa mpaka kiwiko. Kati ya vidole alikuwa ameshika kitu cheupe kilichovimba, laini, ambacho zamani kilikuwa beignet.

— Leo, nani aliwapatia chakula?

Directeur alimwangalia Radio. Radio alimwangalia Maître. Maître alimwangalia Fanny, na Fanny, ambaye kila jioni hupeleka makombo ya sinia kwa sababu ni dhambi kuyatupa, aliinua thermos akaitikisa. Ilikuwa tupu.

— Kawa imekwisha, akasema, bila mtu kumwuliza.

— Niliuliza kitu ya nguvu? Nani aliwalisha?

Kambale mwenyewe aliangalia miguu yake. Asubuhi aliwapa mara moja. Halafu akawaona vinywa wazi, akawahurumia, akawapa tena.

— Butembo, akasema Mama Plamedie, mutoto wa Plamedie alikuwa analia siku yote. Wengine wanasema ni baridi, wengine ni meno. Meno, mutoto wa wiki mbili! Mama-mukwe anasema ni jicho ya jirani. Nikauliza kitu moja tu: nani alimupatia kitu inaachana na ziwa ya mama yake? Nyumba muzima ikaangalia ukuta. Kila bibi alikuwa anaingia, anamupatia kijiko yake kamoja, anafunga mulango pole pole.

Mkono wa Directeur, wenye beignet ya mwisho, ulianza kusafiri kwenda mfukoni.

— Papa Fabrice.

Mkono ukasimama. Mama Plamedie aliinua kidole kimoja, akakitikisa. Kushoto, kulia.

Kambale alikitazama kile kidole. Kisha akatazama vile vipande viwili vya sabuni kizingitini.

— Maître, akasema. Yule muzee wa Japani...

— Divani haiwezi kulala inje, akasema Maître, amekwisha kuinama. Directeur, kamata ule upande, ni muzito.

— Iko inaingia wapi? akauliza Radio. Ndani kuko maji.

— Muisukume kwa ukuta, akasema Mama Plamedie. Iangalie maji. Na tangu leo mutu wa kuwalisha ni moja, ni miye.

Kambale alihitaji muda kidogo kabla ya kwenda kushika mguu wa nne.

Waliiingiza kwa kelele nyingi na ushauri mwingi, mguu mmoja ukakwaruza sementi ya bwawa, na hakuna aliyekiri kuwa ni wake. Kambale alichukua sabuni zote mbili, akazipeleka jikoni, za kuoshea sahani. Aliporudi, mke wake alikuwa ameketi, miguu peku mbele yake, vumbi la Komanda bado shingoni. Samaki walikuwa bado juu. Hakuna aliyeahidi kwamba kesho watakuwa chini. Lakini mke wake hakuwa anawaangalia wao, alikuwa anaangalia maji.

— Inaonekana mupaka chini, akasema.

— Eh, akasema Kambale, akakaa.

Nje ubao ulirudi kwenye matofali yake. Directeur alijiweka katikati. Radio alivumilia kiasi anachoweza Radio kuvumilia, kisha akainuka bila taarifa aende kuchungulia mlangoni, na nyuma yake Maître akaanguka. Mkononi Radio alikuwa na kombo la beignet, dogo kabisa, la kusalimia tu.

Kwenye divani, bila kuondoa macho majini, Mama Plamedie aliinua kidole.