Kikao cha Tumbo la Eufrasia

Ukitaka jambo lako liharibike pale Kitaji, mjini Musoma, lipeleke kwenye benchi la Mseti muuza kahawa. Paschal, fundi wa injini za boti, alilijua hilo fika, lakini asubuhi hiyo alilipeleka la kwake. Mkewe Eufrasia ana kansa ya tumbo. Dripu za dawa walizoanza hospitalini Mwanza zilipunguza uvimbe, kisha dawa ikagoma. Keshokutwa wanarudi kuamua: wajaribu dawa nyingine kali zaidi, au waache, atulizwe maumivu tu. Mwanamume mwingine angekaa na mkewe. Huyu akaitisha kikao.

— Daktari kasema ndani ya chembe za mwili kuna vitu vidogo sana, maikro-RNA, Paschal alieleza. Kazi yao kunyamazisha maagizo fulani ya mwili. Kwenye kansa vingine vinageuka, vinaisaidia kukua na kuikwepa dawa. Bado wanavichunguza.

Mugeta akaguna. Wanamwita Josho, kwa kuwa aliwahi kusimamia josho la ng'ombe huko Bunda.

— Hao ni kupe tu! Tulikuwaga tunaogesha ng'ombe dawa ile ile, mwisho kupe wakaizoea, wakawa wanaogelea humo. Badilisha dawa! Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali imeingiaje hapo, Josho?

— Si ndiyo inachovywa!

Gody, aliyepewa jina la Mheshimiwa kwa kutoomba ruhusa ya kusema, akapiga benchi kofi.

— Hamjui kitu. Hao ni kama wavuvi wa kisiwa cha Rukuba. Doria ikitoka tu hapa Musoma, kuna mtu anapigaga simu. Boti ikifika kisiwani, makokoro haramu yameshafichwa, watu wanashona nyavu halali na kuimba mapambio. Sasa dawa inafika tumboni, inakuta kansa inaimba mapambio!

Benchi zima likacheka. Paschal naye akacheka, kisha akaona aibu, maana hayo ndiyo yaliyokaribia zaidi maneno ya daktari.

— Basi dawa ni kuwakatia mtandao, Gody akazidi kupandisha sauti. Mpeleke Kisorya, avuke na kivuko mpaka Ukerewe. Katikati ya ziwa mtandao unapoteaga. Mchome sindano hapo hapo!

— Kwenye kivuko?

— Ndiyo! Aondoke leo leo. Haraka haraka haina baraka!

— Umesema kweli, Josho akaafiki. Tupige kura. Anayetaka dawa mpya, mkono juu.

Mikono mitatu ikapanda, wa Mseti ukiwa na birika. Wa Paschal ulikuwa umefika kifuani alipotokea Ghati, mdogo wake Eufrasia, khanga begani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Kaa, shemeji, upate kahawa, Paschal akamkaribisha.

— Sikai. Dada kasikia kikao ni kirefu, kanituma na swali moja.

— Lete, Gody akajiweka sawa. Hapa ndipo penyewe.

— Anauliza, hilo tumbo ni la nani?

Mseti akainamisha birika, likatoa machicha matupu.

— Kwani yeye anatakaje? Paschal akauliza taratibu.

— Unaniuliza mimi, shemeji?

Mkono wa Paschal ukashuka. Tangu Mwanza alikuwa amemuuliza daktari, fundi mwenzake, katekista na benchi zima. Akaenda nyumbani kumuuliza Eufrasia, akiliogopa jibu njia nzima.