Mstari wa Sentimita Kumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, walimu wa karakana na wa madarasani, shemeji zangu mliokaa mstari wa mbele kana kwamba nitatoroka, binti yangu na mume wako, majirani, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimetuishia: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili, maana mimi na yeye ni wamoja.

Nimeambiwa nizungumze kwa dakika kumi. Nimekuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja, nikipokea barua za watu wanaoandika kurasa nne kuomba ruhusa ya siku moja, kwa hiyo kufupisha nakujua. Lakini leo mtanisamehe. Mtu anayeishi peke yake akipewa kipaza sauti, kumnyang'anya ni kazi.

Mmekuja kufungua chumba hiki cha mazoezi, na ndani yake mmekiona kile chumba cha rubani alichokijenga marehemu mume wangu: viti viwili, sukani mbili, na vibao vyenye swichi na taa kuanzia magotini mpaka juu ya kichwa. Mkuu wa Chuo amesema ni kazi ya fundi aliyependa ndege. Ni kweli. Ila kwa adabu yake hakusema kwamba fundi huyo hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Yeye alikuwa mchonga vibao vya milango ya ofisi. "Mhasibu." "Mapokezi." "Usiingie bila kubisha." Nusu ya milango ya mji huu imepita mikononi mwake. Alipostaafu alikichukua chumba cha nyuma, ambacho mimi nilikuwa nimeweka cherehani yangu, akaihamishia cherehani kwenye korido, akafunga mlango, akaanza kutengeneza ndege.

Kwa wasioijua kazi hii, nitaieleza kama nilivyoiona kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Unachapa mchoro wa kibao kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi. Unaubandika juu ya plastiki ngumu nyeupe. Unakata kwa msumeno mwembamba, unatoboa kwa keekee, unapiga msasa, unapaka rangi ya kijivu. Kisha unaikwangua rangi, herufi baada ya herufi, ili taa ikiwaka kwa nyuma maneno yasomeke. Kipande kisichozidi kiganja kilimchukua wiki nzima. Halafu nyaya zote zinakwenda kwenye kompyuta, na kwenye kioo cha kompyuta kunakuwa na mawingu.

Basi na mimi nikawa mke wa rubani. Majirani walimwita Kapteni. Tukikutana sokoni wananiuliza, "Kapteni ametua?" Nacheka nao, narudi nyumbani, nakula peke yangu, kwa sababu Kapteni yuko angani, hatua sita kutoka mezani.

Ndugu wageni waalikwa, sitawadanganya. Nilikuwa mpweke. Upweke wa mjane watu wanaujua, wanauletea pole na kuupangia viti. Lakini upweke wa mke ambaye mume wake yupo, nani anauletea pole? Utaanzaje hata kuusema? Mume halewi, halali nje, hapigi mtu. Anakwangua herufi.

Jumamosi moja mchana nikasikia sauti mbili mle chumbani. Moja nene inauliza, "Mafuta?" Nyingine nyembamba inajibu, "Yametosha." "Milango?" "Imefungwa." "Taa za kutua?" "Zinawaka." Moyo ukafurahi: jamani, leo tumepata mgeni! Nikapika chai, nikapanga vikombe viwili kwenye sinia, nikajitazama kwenye kioo, nikabisha. Akafungua. Alikuwa peke yake. Ndege ya namna ile, nimekuja kuelewa baadaye, huendeshwa na watu wawili, mmoja asome orodha na mwenzake ajibu. Yeye alikuwa anauliza kwa sauti yake na kujibu kwa sauti ya kuazima. Akaniangalia, akaiangalia sinia, akasema, "Ah, asante, Mama Watoto." Akachukua vikombe vyote viwili, akafunga mlango.

Mnacheka, na mcheke tu. Na mimi nilicheka, mpaka nilipofika jikoni.

Kwa sababu mle jikoni ndipo swali liliponikuta. Kiti cha rubani wa pili, upande wa kulia, kipo wazi. Mke yupo, kusoma anajua, tena kusoma ndiyo kazi iliyomzeesha. Kwa nini haniiti? Niliishi na swali hilo miaka tisa, na jibu nilijipa mwenyewe: hanihitaji.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wanafunzi, maana hapa ndipo ilipo kazi yenu.

Mara moja tu aliwahi kuniomba msaada. Ilikuwa mwanzoni kabisa, amemaliza vibao vya upande wa kushoto, anataka kuanza vya kulia, na mimi bado niko kazini. Akaniletea flashi imefungwa kwenye kitambaa kama dawa. "Mama Watoto, mashine ya ofisini kwenu inatoa karatasi kubwa. Nichapie michoro hii, tafadhali." Nikachapa saa ya chakula. Mashine ikaniuliza kama ipunguze mchoro utoshee karatasi. Nikabonyeza ndiyo. Nani anakataa kutoshea? Karatasi ishirini na mbili zikatoka, nzuri, safi, nikazikunja. Bosi wangu akanikuta nazo mlangoni, akanisema mbele ya makarani walioajiriwa juzi, mimi niliyewafundisha kufungua faili.

Nilirudi nyumbani ninachemka. Nikautupa ule mzigo mezani. Nikasema, "Hizo hapo. Na usinitume tena mambo yako ya ndege. Usinitume tena maisha yako yote!" Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; methali hiyo nilikuwa naisikia tangu shuleni nikidhani inawahusu watu wengine.

Akasema, "Sawa." Mume wangu alikuwa mtu wa sawa.

Miezi kumi na minne iliyopita alifariki, na ugonjwa haukutuachia nafasi ya maneno. Chuo kikaniomba hiki chumba cha rubani, nikakubali upesi, maana nilikuwa siwezi kupita kwenye ile korido. Akaja Mwalimu wa karakana, huyu hapa mwenye koti la bluu, na rula yake ya chuma, kupima kabla ya kukifungua vipande vipande na kukihamisha. Akapima kushoto, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akapima kulia. Akapima tena. Akaivuta miwani.

"Mama," akasema, "huyu mzee mkono wake haukosei. Lakini upande wa kulia kila kitu kimepungua. Kila kitu, tena kwa kiasi kilekile. Asilimia sita."

Nikamwambia labda alichoka.

"Hapana, Mama. Aliyechoka hukosea huku na kule. Hili si kosa la mkono, ni la kuchapa. Mtu aliruhusu mashine ipunguze."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Ulinisaidia.

Kisha Mwalimu akanionyesha kilichofanywa ili kosa lile lisionekane. Vibao vilipungua, kwa hiyo pembeni mwake kulibaki nafasi; marehemu aliiziba kwa vipande vyembamba vya mbao, akavipiga msasa, akavipaka rangi ileile, huwezi kuviona mpaka upitishe ukucha. Swichi za kununua hazikuingia kwenye matundu. Akaichukua kila moja akaipunguza kwa tupa. Mwalimu alizihesabu: arobaini na moja. Kazi ya miezi mitatu ikamla miaka.

Niliposhinda peke yangu nyumbani siku iliyofuata, nililitafuta sanduku alimotunza karatasi za michoro yake. Nilizikuta, zote ishirini na mbili. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba chini ya kila mchoro kuna mstari mfupi umeandikwa: "Mstari huu uwe sentimita kumi." Ukishachapa, kabla hujagusa msumeno, unaupima. Ukiwa kumi, kata. Ukiwa si kumi, chapa upya. Ni desturi yao, kama fundi nguo anavyopima kabla ya mkasi. Na pembeni mwa mstari ule, kwa penseli, kwa mwandiko wake, ninaoupenda kuliko mwandiko wowote duniani, kulikuwa kumeandikwa: tisa nukta nne. Na tarehe. Ilikuwa tarehe ileile niliyoutupa mzigo mezani.

Alijua. Alijua kabla hajakata hata kipande kimoja.

Angeweza kusema, "Mama Watoto, zimetoka ndogo, nichapie tena." Maneno sita. Ningepiga kelele, ningenuna siku mbili, siku ya tatu ningechapa. Alininyima hasira ya siku mbili akanipa ukimya wa miaka tisa. Alinihurumia? Aliniogopa? Sijui, na wa kunijibu hayupo. Nimemlilia, nimemkasirikia, nimemlilia tena. Lakini ukweli wote ni huu: mlango ule hakuufunga yeye wa kwanza. Niliufunga mimi, kwa mdomo, naye alinitii tu. Akaona ni rahisi zaidi kupiga tupa swichi arobaini na moja kuliko kunituma tena. Mficha uchi hazai, na sisi wawili tulifichana ndani ya nyumba ya vyumba vitatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa nafika kwenye jambo lililonisimamisha hapa. Mwalimu aliniuliza swali moja: upande wa kulia tuuache kama ulivyo, au tuung'oe, tuchonge mpya kwa kipimo halali? Binti yangu alilia. "Mama, usiiguse kazi ya Baba." Shemeji yangu mkubwa akasema mkono wa marehemu hauchongwi mara mbili, methali ambayo nadhani aliitunga palepale, lakini imekaa vizuri. Mwalimu mwenyewe hakunishurutisha. Alisema tu kwamba mwanafunzi atakayejifunza kwenye kiti kile mkono wake utazoea pasipo pake, na siku atakayoshika kitu cha kweli utakwenda kando. Nikawaambia wote wangoje, jibu nitalitoa leo mbele ya watu, nisije nikageuka.

Jibu langu ni hili: ung'oeni.

Binti yangu, usiiname. Nakupenda, na baba yako nampenda. Lakini kosa lililotunzwa kwa upendo bado ni kosa, na mimi sitawaachia watoto wa watu kiti ambacho mtu alikaa kimya juu yake. Vile vibao vya zamani nitavichukua mimi. Nitavitundika kwenye korido, juu ya cherehani, niwe naviona. Pengine nitavisemesha. Nyumba yangu ina nafasi ya sauti mbili.

Na ninyi wanafunzi, mkimaliza kujenga, msimwache mtu aruke peke yake mle ndani. Mmoja asome, mwenzake ajibu. Akikosekana wa kusoma, mimi ninakaa mitaa miwili kutoka hapa na miwani ninayo.

Kuna jambo moja limebaki. Jana asubuhi nilikwenda duka la kuchapa, nikiwa na ile flashi, bado imo kwenye kitambaa chake. Nimestaafu, hakuna bosi wa kunikuta mlangoni. Mashine ikaniuliza swali lake lilelile. Nikasimama mbele yake, watu wananisubiri nyuma, nikalisoma mara tatu. Nikabonyeza hapana. Karatasi ziko hapa, ishirini na mbili, kwenye mkoba wangu. Sijaupima ule mstari. Nimeshindwa kuupima peke yangu.

Kwa hiyo, wakubwa kwa wadogo, nawashukuru kwa kunikopesha masikio yenu, na kwa kucheka nilipotaka mcheke. Mwalimu, njoo na rula yako. Pima hapa, mbele ya watu wote. Na kama nimekosea tena, niambie. Niambie sasa hivi, kwa sauti. Nitarudi kuchapa.