Nilitoa Ushuhuda, Nikakimbia Picha ya Jicho

Bwana asifiwe, watu wa Usenge! Asifiwe kwa sauti, maana leo nasimama kusahihisha ushuhuda wangu mwenyewe.

Mnanijua, mimi ni Mama Achieng muuza omena, dagaa wa ziwa letu. Jicho langu la kulia liliharibika nikiwa mtoto, hili la kushoto ndilo ninalotegemea. Mwaka juzi saratani ya titi niliyokuwa nikitibiwa ilisambaa hadi nyuma ya jicho hilo. Ndugu zangu, nililia! Kule Kisumu daktari alinitia matone, nikaweka kidevu kwenye mashine, naye akapiga picha ya ndani kabisa ya jicho. Dawa za saratani zikabadilishwa, na baada ya miezi michache nikaanza kuona vizuri. Daktari akasema uvimbe umepungua, ila nirudi kila miezi mitatu kupigwa picha nyingine.

Mimi nikasikia "umepungua" tu. Nikaja hapa mbele nikatangaza kwamba nimepona kabisa! Mlipiga vigelegele, mama mchungaji akacheza hadi kiatu kikamtoka. Sasa baada ya shangwe kama ile, ningeonekanaje kwenye foleni ya kliniki? Watu wangesema nilimsingizia Mungu. Nikaacha kwenda. Haikuwa imani, ndugu zangu, ilikuwa aibu, na aibu yenyewe niliivalisha nguo za imani.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Fremu ya mlango ikaanza kupinda nikiitazama. Wateja wakalalamika omena yangu ina mchanga, nami nikawajibu kwa ukali. Jumapili moja kwaya yetu ikainuka, nikaimba kwa nguvu zote, uso kwenye kitabu cha nyimbo, mpaka wifi yangu Atieno akaninong'oneza: "Yawa, Mama Achieng, kitabu umeshika juu chini! Kwani huoni?"

Nikaketi palepale nikalia, nikamweleza yote. Atieno hakunihukumu. "Hawa watu wote walikupigia vigelegele," akasema, "hakuna mmoja atakupea jicho ingine. Kesho tunaenda Kisumu."

Daktari aliweka picha ya zamani na mpya kando kwa kando. Kwenye ile mpya uvimbe ulikuwa umepanda tena, na maji yamejaa pembeni yake. Hata mimi niliuona, kwa shida. Nikaanza kupigwa miale ya kuua saratani, na kila nilipolala pale mezani sala yangu ilikuwa moja: Bwana, niachie hili jicho.

Wiki iliyopita nilipigwa picha tena. Maji yamekauka! Uvimbe umelala! Nilitoka nje nikautazama uso wa Atieno, nikaona hata kidevu chake kinavyotetemeka akijizuia kulia. Ero kamano, Nyasaye! Asante, Mungu! Moyo wangu umetua, ndugu zangu, umetua kabisa.

Leo sisemi nimepona, maana daktari hakusema hivyo. Nasema naona, na picha nyingine iko baada ya miezi mitatu, na nitaenda. Mungu wetu haogopi kuchunguzwa kazi yake. Mwaminini, na mrudi kupimwa.

Na kama yuko mwenzangu hapa aliyeshangiliwa kabla ya wakati, na sasa anaona haya kurudi hospitali, leo simwiti mbele. Anipate nje baada ya ibada, polepole, bila mtu kujua. Nitamsindikiza.