Leo Mzee wa Nyuma Yuko Mbele

Ndugu waombolezaji, majirani, wakufunzi na wanafunzi wa chuo hiki, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, na nimesimama hapa kwa ubishi wangu mwenyewe, maana familia ilitaka historia hii isomwe na mwanangu mwenye sauti nzuri, nikawaambia sauti nzuri tutaisikia siku nyingine, leo atasoma aliyemjua marehemu tangu hajaota meno. Kabla sijaanza, naomba niseme ninachokiona kutoka hapa nilipo. Safu za nyuma za ukumbi huu zimejaa hadi wengine wameegemea ukuta, na huku mbele, karibu na jeneza, tupo mimi, binti wa marehemu na mikoba yetu, viti vingine vyote ni vitupu. Jambo hilo nimeliona, nimelimeza, na kabla sijashuka nitalitapika, kwa hiyo nisikilizeni mkijua kwamba nina neno na ninyi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, fundi bomba, na mama yetu, mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, saa ambayo baba mwenyewe alikuwa amejikunja chini ya sinki la watu upande wa pili wa mji, habari akazipata jioni akiwa na tope hadi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikakabidhiwa mtoto nimshike kidogo, na kusema kweli sikuwahi kumrudisha. Alikuwa mtoto mpole aliyependa kupima vitu, chumba alikipima kwa nyayo, meza kwa viganja, na siku moja akamwambia mwenye nyumba, mbele ya wazazi, kwamba chumba anachokiita kikubwa ni kidogo kuliko kile anachokiita kidogo, baba akabaki kuomba radhi wiki nzima ingawa mtoto alikuwa amesema kweli tupu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1970, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni mwaka 1971, katika mji wa mbali ambako hakumjua mtu hata mmoja. Likizo ya kwanza alirudi amekonda, mama akalaumu chakula cha bweni, kumbe, alivyoninong'oneza mimi, chakula kilikuwa kingi tu, kilichomshinda ni kukila peke yake mwisho wa meza huku wenzake wakicheka mambo asiyoyajua. Alimaliza sekondari mwaka 1974, akajiunga na masomo ya upimaji ardhi kuanzia mwaka 1976 hadi 1979, kisha akafanya kazi ya kuvuta kamba na kupigilia vigingi maporini, mpaka Jumatatu ya tarehe 11 Januari 1982 alipoajiriwa kuwa mkufunzi katika chuo hiki.

Siku hiyo ya kwanza naisimulia kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyomfanya awe mtu mliyemjua. Alifika asubuhi na mapema, suti nimeishona mimi, akapewa ufunguo, boksi la chaki na namba ya chumba iliyotajwa na mtu aliyekuwa tayari anaondoka, basi, hakuna aliyemwambia karibu wala choo kiko wapi. Akaingia kwenye chumba alichodhani ndicho, akakuta vijana wamekaa wametulia, akaanza kufundisha mteremko wa ardhi na njia za maji ya mvua, na vijana wale, kwa adabu zao, wakaandika kila neno, ingawa walikuwa wanafunzi wa mapishi mwaka wa kwanza. Mwalimu wao halali, dada mmoja mfupi mwenye aproni, alipofika mlangoni alimwona mgeni anatiririka jasho mbele ya ubao, akaelewa kila kitu papo hapo. Angeweza kumkatiza, darasa likacheka, na jina likamganda mpaka kustaafu, lakini hakufanya hivyo, aliingia polepole, akakaa kiti cha mwisho kabisa nyuma, akakunja mikono na kusikiliza mpaka kengele ikalia. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mteremko utatoka kwenye mtihani wa mikate, dada yule akajibu kutoka kule nyuma kwamba hautatoka ila kuujua si vibaya, kisha akamtoa marehemu nje, akamwambia somo lilikuwa zuri sana, isipokuwa wanafunzi wake wanamngoja jengo la pili, na akampeleka mwenyewe hadi mlangoni.

Marehemu aliniambia kwamba katika mwaka ule wote, ambao alikula mchana wake nyuma ya stoo kwa kutojua kwamba wakufunzi wana chumba cha chakula, saa ile moja ndiyo pekee ambayo hakujisikia mpweke. Sasa mwanaume akisema hivyo juu ya mwanamke, dada mtu anaanza kushona nguo za harusi bila kuambiwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1984, na tarehe 3 Juni 1987 wakajaliwa mtoto wao mmoja, binti, ambaye ni muuguzi nchi ya mbali na amefika jana, huyu hapa kando yangu. Waliishi vizuri, mke akipika na mume akisifia, maana kwa miaka yote ya kuishi na mwalimu wa mapishi, mdogo wangu hakuwahi kujua kukaanga yai. Wifi yangu alitutoka tarehe 19 Agosti 2009 baada ya kuugua kwa muda mfupi, na toka siku hiyo nyumba ile ikawa na sauti ya redio tu.

Nirudi kwenye kazi. Mwaka 1991 marehemu aliomba apewe jukumu la kuwalea wakufunzi wapya, nasikia halikuwa likigombewa, na akalifanya hadi alipostaafu mwaka 2016, kisha akaendelea kwa kujitolea. Alikuwa akisema wenzetu wana msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hapa chuoni jembe unapewa langoni. Kwa hiyo alimngoja kila mkufunzi mpya pale langoni, na chupa yake ya chai, akamwonyesha choo, chumba cha chakula, bomba lisilokauka, na karani ambaye asubuhi hasemeshwi mpaka anywe chai. Kisha muhula mzima alikaa nyuma ya darasa la mgeni huyo, kiti cha mwisho, mikono imekunjwa, bila kuandika chochote na bila kufungua mdomo, hata wanafunzi wakamwita Mzee wa Nyuma. Baada ya kipindi walizunguka uwanja wa mpira polepole, yeye na mgeni wake, na huko ndiko alikomwambia huyu kwamba sauti yake inafia safu ya tatu, yule kwamba leo amefundisha ubao na kuwasahau watu. Mkufunzi mmoja wa useremala, ambaye sasa ni mkuu wa idara na yuko kule nyuma anainama nisimwone, alitapika kabla ya kipindi chake cha kwanza, marehemu akamshikia koti, akamwambia hata yeye alianza kwa kuharibu mikate ya watu, twende.

Kazi ya namna hiyo ina uchungu wake, na nausema kwa sababu yeye hakuusema. Mkufunzi mpya akishaiva, hamhitaji tena mtu wa nyuma. Anapata marafiki, anapata meza yake ya chai, anapanda cheo au anahamia chuo kingine, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, ila kila muhula ulipokwisha kiti cha pembeni mwa mdogo wangu kilibaki wazi, naye akahesabu kwamba kazi imefanikiwa. Aliwalea wengi wasiwe wapweke, akawa anarudi nyumbani kuwasha redio.

Mwaka 2022 ulianza utaratibu mpya, wakufunzi wapya wakawa wanaelekezwa kwa video kwenye kompyuta, na mkuu wa chuo akamwambia kwa heshima zote kwamba mzee, umetumika vya kutosha, sasa pumzika. Mkuu yupo hapa na simlaumu, alisema kwa nia njema. Lakini kesho yake asubuhi mdogo wangu alivaa suti, akajaza chupa ya chai, akaja chumbani kwangu ninapowafundisha mabinti kushona, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akakunja mikono. Mabinti walipoondoka aliniambia, Dada, unaongea na cherehani, watoto hawakusikii. Nilimtukana kidogo, kisha nikajirekebisha, na akaendelea kuja kila asubuhi mpaka miguu ikamkataa.

Alianza kusumbuliwa na figo mapema mwaka 2023, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 26 Februari mwaka huu wa 2024 akalazwa. Siku ya kwanza wodini alimwomba muuguzi viti vya ziada kando ya kitanda, akasema watu wake ni wengi na hataki wasimame. Viti vililetwa, kimoja nikakaa mimi, kingine nikatundika mkoba wangu. Kila saa ya kuona wagonjwa ilipofika, alikuwa akiniuliza, Dada, kuna mtu mlangoni, nami nikajibu bado, naye akageuka kuitazama saa ya ukutani kama vile ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Binti yake alipiga simu kila Jumapili, na majirani walikuja, Mungu awabariki, lakini si wao aliokuwa akiwangoja, ni ninyi aliowalea, na mimi nilimwona mdogo wangu akiwangoja, na iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilikuwa nikikutana nanyi wakufunzi sokoni na njiani, mkaniuliza hali yake kwa upendo wa kweli, macho yamelowa, na kila mmoja akaniambia neno lile lile, kwamba najua wodi inajaa watu, sikutaka kumchosha, nitapita wakipungua. Kila mmoja alijua mzee amewalea wengi, kwa hiyo akaamini wale wengine wako naye. Mlitegeana, wanangu, na hamkutegeana kwa ubaya, mlitegeana kwa heshima, na heshima hiyo ikamwacha mtu anatazama mlango.

Aliyekuja ni mmoja, mkufunzi mgeni wa umeme wa majumbani, aliyeajiriwa Januari mwaka huu, ambaye marehemu hakumlea hata siku moja. Alikuwa amezitazama video zote, hazikumsaidia, wanafunzi wakamwambia zamani kulikuwa na Mzee wa Nyuma, akamtafuta hadi hospitali ili amwombe aje akae darasani kwake, akamkuta kalala na mipira ya dawa mwilini. Alisimama pale hajui pa kuweka mikono, mdogo wangu akamwambia, basi nifundishe hapa hapa. Binti wa watu akafundisha swichi na waya miguuni pa kitanda, wodi nzima ikageuka kusikiliza, mgonjwa wa jirani aliyetundikwa mguu akauliza mbona taa ya nyumbani kwake inawaka na kuzimika, na mwisho marehemu akamwambia, unakimbia sana mwanangu, hakuna anayekufukuza. Akawa anakuja kila Jumatano, na Jumatano tarehe 15 Mei alifundisha bila kukimbia, mdogo wangu akakunja mikono juu ya shuka, akaniambia huyu ameiva.

Jumanne tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, aliniuliza kama kuna mtu mlangoni, nikamwambia wako njiani, akasema sawa, na hakusema tena. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Muuguzi aliniambia kwamba kesho yake mkufunzi yule alikuja na waya zake, hajapata habari, akakuta kitanda kimetandikwa, akakaa kwenye kile kiti cha mkoba mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao hawakututania juu ya viti vyetu vitupu, nawashukuru majirani waliotulisha bila kuulizwa, naushukuru uongozi wa chuo kwa ukumbi huu, na nawashukuru ninyi wafanyakazi wenzake kwa kuja, maana mmekuja kweli, sijawahi kuona mlango umejaa hivi.

Sasa neno langu. Najua kwa nini mmekaa nyuma, ndiko alikowafundisha kukaa, mtu akitaka kumheshimu mwenzake akae nyuma anyamaze asikilize. Lakini hivyo alifanya kwa aliyesimama mbele peke yake, akiogopa, na leo aliye mbele peke yake ni yeye. Naomba msogee, viti vipo. Naona mnatazamana, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie, ndiyo habari ile ile ya wodini, jamani, msinifanyie tena. Haya, mkufunzi wa umeme amesimama, sikumtuma, mfuateni, na wewe wa useremala acha kuinama, njoo, ondoeni hiyo mikoba yetu mkae.

Sitaharakisha, nitangoja mfike wote, hakuna anayetufukuza.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Uliniuliza kama kuna mtu mlangoni, wapo, na sasa wameingia.